Malalamiko: mama yangu alivyobanduliwa stika bandarini Belize City, na hela zetu tunazodai

Kwa Meneja,

Salaam. Hii ni imeili yangu ya tatu kuhusu safari ya meli mliyotuuzia mimi na mama, na basi la ziara ya Altun Ha, magofu ya Wamaya huko Belize, ambalo mama alizuiwa kulipanda. Ya kwanza mlijibu "tumepokea, tutalifanyia kazi", ya pili mkanijibu kwamba kulikuwa na "mkanganyiko wa viti" na kwamba mama atapewa vocha ya dola 119 ya safari ijayo, ila hela ya kiti changu mimi hairudishwi kwa sababu niliacha kupanda basi kwa hiari yangu. Nimesoma hilo jibu mara nyingi sana. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu na naomba isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kurudisha hela, sio yule dada wa mapokezi, yeye hana kosa na anaongea na watu vizuri.

Nadai dola 238. Ni viti viwili vya Altun Ha, cha mama namba 14 na changu namba 15, nililipa mwezi Machi na risiti mnayo. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, mteja akikosa ziara kwa kosa la kampuni hela inarudi yote ndani ya siku 14, hela, sio vocha. Leo ni siku ya 23.

Hilo ni la hela. Sasa niseme lile linaloninyima usingizi.

Tulifika pale kwenye geti la Fort Street Tourism Village, kituo cha watalii pale bandarini, saa tatu na dakika kumi. Mama alikuwa amevaa dira lake la bluu na ile stika ya kijani ya kupandia basi kifuani, mliyotugawia usiku kwenye kebini ya meli, na njia nzima kwenye boti alikuwa anaikandamiza na kiganja isije ikachukuliwa na upepo. Kiongozi wenu wa msafara amesimama na karatasi yake. Hakusalimia. Akatuangalia akasema mmechelewa, basi limejaa. Nikamwambia dada mbona muda bado, na basi lile pale mlango uko wazi watu wanapanda. Akasema kuna watu wamezidi, kuna mmoja inabidi abaki. Mimi nikainama kwenye simu nitafute risiti nimuonyeshe, na wakati nimeinama ndipo aliponyoosha mkono, akaishika ile stika kwenye ukingo, akambandua mama yangu kifuani, akageuka akampa kijana mwenye kofia nyekundu aliyekuwa amesimama nyuma yake, kijana ambaye jana yake usiku mezani alikuwa anatuambia wote kwamba yeye kabuku ziara nyingine, ya tyubu za mapangoni. Kijana akajibandika akapanda. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sisi tumelipa." Akajibiwa, "Bibi, na magoti hayo utapanda magofu gani? Kaa hapa kuna feni, jioni tutakukuta." Halafu mimi nikaambiwa, "Wewe panda, yako unayo."

Hiyo ndiyo hiari yangu mliyoniandikia. Nimuache mama wa miaka 71, nchi asiyoijua, kwenye benchi, nipande basi.

Na hilo la kuchelewa nalo tulimalize. Ujumbe kwenye grupu la WhatsApp ulisema saa tatu na nusu, hakuna zaidi. Belize hawasogezi saa majira ya joto, sisi tumetoka Galveston, Texas, mwezi wa saba, ambako saa imesogezwa mbele, kwa hiyo saa ya meli ilikuwa mbele ya saa ya nchi kavu kwa saa nzima. Mimi niliuliza pale pale kwenye grupu, saa tatu na nusu ya meli au ya Belize? Tiki mbili za bluu, kimya. Skrinshoti ninayo. Nikaamua twende na ya meli ili tuwahi, mama akaamka alfajiri, akasali, akavaa, tukapanga foleni ya boti. Kwa saa ya meli tulifika saa tatu na dakika kumi, kwa saa ya Belize ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Chukueni mnayoitaka, zote mbili tuliwahi. Na mnajua wenyewe pale meli haifungi gatini, bahari ni kina kifupi, inatia nanga mbali huko na watu wanashushwa kwa boti, kwa hiyo mwenye magoti mabovu kuwahi pale ni kazi. Mama alishikwa mikono na mabaharia wawili kuingia kwenye ile boti na hakulalamika hata neno.

Sijui kama mnaelewa tulivyoichagua hiyo ziara. Orodha yenu ilikuja Februari nikakaa nayo na mama kwenye simu, yeye Tanga mimi Houston, karibu wiki tatu kila usiku. Mama ni mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi, na Belize alikuwa akiifundisha kwa jina la Honduras ya Uingereza kwa sababu ramani za shule zilikuwa za zamani, alifurahi sana kusikia sasa ataikanyaga. Tukaanza na magofu ya Xunantunich, picha zake nzuri, lile jengo kubwa la El Castillo lina urefu wa mita kama 40, mto Mopan unavukwa kwa pantoni ya kuzungushwa kwa mkono, mama akaipenda hiyo pantoni, lakini ni mbali, karibu na mpaka wa Guatemala, kukaa kwenye basi masaa yote hayo na magoti yake nikasema hapana. Lamanai, magofu mengine, inafikiwa kwa boti mtoni, tukaogopa jua na muda. Goff's Caye ni kisiwa cha kuogelea, mama haogelei. Tukabaki na Altun Ha, kama kilomita 50 tu kutoka mjini, uwanja ni nyasi tambarare, asiyetaka kupanda ngazi anakaa chini anaangalia. Nilimpigia mtu wenu kumuuliza hili hili, kwamba mama hapandi, atakaa chini, inafaa? Akasema inafaa kabisa dada, ndiyo ziara ya wazee. Sasa leo mtu wenu mwingine anamuuliza mama utapanda magofu gani.

Mama alinunua daftari kwa ajili ya safari hii. Kwenye ukurasa wa Belize ameandika kwa mkono wake: Altun Ha, kichwa cha Kinich Ahau, mungu jua wa Wamaya, kimechongwa kwa jiwe la jade, kimepatikana 1968, kilo 4.42, mwanaakiolojia David Pendergast. Chini yake ameacha mistari mitupu ya kujaza akishafika. Mistari ipo mpaka leo, haina kitu.

Halafu kuna jambo nililoligundua pale pale getini na hamjalijibu kwenye imeili zote mbili. Nilipolipa niliambiwa ziara zote ni za meli, na ndiyo sababu nikakubali dola 119, kwa sababu ziara ya meli basi likichelewa barabarani meli inasubiri. Lile basi halikuwa la meli. Wafanyakazi wa meli wenye mabango yao walikuwa upande wa pili kabisa wanawaita watu wao, sisi tulikuwa na basi la wakala wa pale mjini, na kwenye kibanda hatua chache kutoka hapo ziara hiyo hiyo ya Altun Ha imeandikwa ubaoni dola 60. Watu wa msafara walirudi na boti ya mwisho kabisa, wengine wanakimbia. Ingeondoka ile boti nani angejibu? Mngewaambia nini watoto wao? Hili sio dogo na naona mnalipita kimya kimya.

Nilitaka kununua pale kibandani, hela ninayo, nilishatoa kadi. Mama akanishika mkono akasema, "Mwanangu, sitaki tena." Nikamsihi, akasema, "Basi, tukae." Kiongozi wenu alikuwa ametuambia pia eti nafasi ya yule kijana kwenye tyubu iko wazi, bibi achukue hiyo. Ile ya mapango ya Nohoch Che'en. Mnaijua ilivyo, mtu anatembea msituni amebeba tyubu lake, anavaa kofia ya taa, anakalia maji ya mto gizani pangoni. Mtu ambaye dakika moja nyuma ameambiwa magoti yake hayawezi kusimama kwenye nyasi!

Tukakaa. Masaa matano, kwenye kiti cha plastiki, maduka ya vito na fulana kila upande. Meza ya jirani kulikuwa na watalii wanakunywa bia ya Belikin, na kwenye lebo ya ile chupa kumechorwa hekalu la Altun Ha. Mama akaitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Ndilo lile?" Nikasema ndilo. Akafungua mkoba akatoa miwani, akaivaa, akaitazama tena kwa mbali, yule mtalii akadhani tunamshangaa yeye kunywa, akaigeuza chupa. Mama akavua miwani akairudisha.

Naomba nilirudie lile la getini, kwa sababu neno lenu "mkanganyiko wa viti" limenikaa kooni. Mkanganyiko gani wa viti unaomfikia mtu kifuani? Mfanyakazi wenu alimwekea mama yangu mkono kifuani bila kumuomba. Mama aliponyooshewa ule mkono alidhani anarekebishiwa stika, alitabasamu, nililiona lile tabasamu nikiinua macho kwenye simu. Akanyanyua mikono kidogo pembeni kama mtu anayepekuliwa, akatulia, na stika ikabanduka na vinyuzi vya dira. Pale kifuani palibaki alama ya duara yenye vumbi la gundi, alikaa nayo mpaka usiku, kila nikimwangalia naiona. Na hakubanduliwa chemba, alibanduliwa mbele ya watu zaidi ya thelathini, watu wanaomuita Mwalimu, mmoja wao ni mtoto wa mwanafunzi wake. Wote waliinamisha macho. Mwanamke aliyefundisha miaka 36 anaambiwa kaa hapa kuna feni! Angeniambia mimi hivyo ningemjibu na yangeisha palepale. Alimchagua mama kwa sababu aliona ni mzee, mpole, hatapiga kelele.

Chakula cha jioni mama hakushuka. Alisema kashiba. Siku iliyofuata ilikuwa Cozumel, Mexico, hakutoka kebini.

Nilianza kuandika hii nikidai dola 238. Sasa naona nilikuwa nawahurumia. Nadai 238 za ziara, na nadai nauli yote ya mama ya meli, dola 940, kwa sababu safari mliyomuuzia iliishia pale getini. Vocha yenu siitaki, hatupandi tena chombo chochote mnachokibuku nyinyi. Nataka na maelezo ya maandishi kwa nini mliuza ziara za wakala wa mjini kwa jina la meli, na viti mliuza vingapi vya basi lile. Yule kiongozi asiongoze tena msafara wenye wazee. Sijamtaja jina hapa kwa makusudi, lakini mkiendelea kunyamaza nitalitaja.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14 nyingine. Hapana, siku 7. Baada ya hapo benki yangu itapokea madai ya kurudisha malipo ya kadi, na mimi nitakwenda Justice Court, mahakama ya madai madogo hapa Texas, inasikiliza madai mpaka dola 20,000 na sihitaji wakili, nitakwenda na risiti, skrinshoti na lile dira, sijalifua. Na barua hii hii, neno kwa neno, itaingia kwenye magrupu yote ya Waswahili wa Houston na Dallas ambako mnatangaza safari ya Desemba. Nimeshaongea na wanne waliokuwa kwenye lile basi, watatu wamekubali kuandika walichokiona.

Mama amesharudi Tanga. Ananikataza kuandika, anasema yameisha, lakini juzi nilimsikia kwenye simu anamsimulia jirani kwamba Belize aliiona kwa mbali.

Barua ya kumuomba radhi iandikwe kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, na neno Mwalimu mbele yake. Iandikwe "tulikubandua stika", neno mkanganyiko silitaki kuliona. Nasubiri mpaka Ijumaa ijayo saa kumi na moja jioni, saa za Houston.

Mteja wenu,
binti yake, stika namba 15