Zahanati Ikifungwa, Kemisti Ndiye Daktari: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Jiji la Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

Baridi ya Julai ilimpata kijana wangu wa miaka mitatu: mafua, kikohozi, makamasi ya kijani. Ilikuwa jioni na zahanati ishafungwa, basi nikashuka kwa kemisti hapa Kayole. Muuzaji hakumtazama mtoto niliyembeba mgongoni. Aliniuliza nina pesa ngapi, akatia maji kwenye chupa ya unga wa antibiotiki, akaitikisa. Makamasi yakiwa kijani, akasema, ni hii tu.

Kesho yake nesi wa zahanati alimngoja mtoto atulie, akampandisha fulana, akaweka simu mezani na kuhesabu kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Mara 34. Akaangalia kama chini ya mbavu panabonyea anapovuta pumzi. Wapi. "Hivi ni virusi, mama, na antibiotiki haiui virusi. Rangi ya makamasi isikutishe." Kikohozi kilikaa karibu wiki tatu, kikaisha chenyewe.

Siitukani dawa. Mtoto wa jirani, miezi minane, alihesabiwa pumzi 56. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, 50 na zaidi huhesabiwa kuwa nimonia. Alipewa antibiotiki ya amoksilini, na leo anatambaa. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, kipimo ni 40. Wa chini ya miezi miwili akifika 60, hospitali mara moja. Hata sisi wakubwa: koo lenye usaha na homa bila kikohozi, au mafua yaliyopoa kisha yakarudi na homa kali, hayo ni ya kupimwa.

Najua leseni za kemisti ziko kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Ila zahanati ni zako, na wahudumu wa afya ya jamii wanaoingia kwenye ploti zetu pia ni wako. Wao watufundishe kuhesabu pumzi. Nambari hizo tatu zibandikwe ukutani kwa Kiswahili. Na zaidi ya yote, tuachie nesi mmoja hadi saa tatu usiku, maana kifua cha mtoto hakibani saa za kazi pekee.

Chupa ile ningali nayo juu ya kabati. Jirani mwingine ameshaniomba mara mbili.

Wako,
Mama wa Kayole