Malalamiko: Mlikuja Kuua Mende, Akaanguka Paka

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kupulizia Dawa za Wadudu.

YAH: KAZI YA KUPULIZA DAWA YA MENDE JIKONI KWANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ni wiki ya tatu sasa tangu fundi wenu aje nyumbani kwangu. Nimeshapiga simu mara nne na kila mara naambiwa nisubiri, kwa hiyo nimeona niandike.

Sina neno na adabu ya kijana wenu. Alifika kwa wakati na akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Shida ilianza alipofungua chupa ya dawa. Aliimimina kwenye bomba lake la mgongoni kwa kukadiria tu, akajazia maji kwenye sinki langu, akatikisa, kazi ikaanza. Nilipomuuliza kipimo akacheka, akaniambia, "Mkono umeshazoea, mama." Muda wote huo Pamba, paka wangu mweupe, alikuwa amekaa juu ya kiti cha jikoni akitutazama. Fundi hakuniuliza kama nafuga mnyama. Aliyepokea simu yangu siku ya kuweka miadi hakuniuliza, na fomu mliyonisainisha haina hata mstari mmoja wa kuuliza hilo.

Nikataka kutoa sufuria na vijiko kwenye kabati. Akanizuia, eti dawa hiyo haina madhara kwa kuwa inatokana na maua. Inayotokana na maua ni pareto. Chupa tupu aliitupa kwenye pipa langu la taka, nikaiokota baadaye na kusoma lebo: permethrini. Hiyo hutengenezwa kiwandani kwa kuiga sumu ya pareto, na haiharibiki upesi kwa mwanga kama pareto yenyewe. Binadamu na mbwa, maini yao huivunja wakaitoa. Ini la paka halina uwezo huo, na ndiyo maana daktari wa mifugo, nilipomtajia jina la dawa tu, aliacha kuandika akaja kumshika Pamba.

Lakini hapo nimeruka mbele. Mlituambia tutoke kwa muda wa saa moja. Tulitoka, paka nikiwa nimembeba, tukarudi baada ya saa moja na nusu kwa usalama zaidi. Chini ya sinki bado palikuwa na kidimbwi. Nikakipangusa kwa tambara, na nilipogeuka nikamkuta Pamba ameshapita pale, amekaa mlangoni analamba nyayo moja baada ya nyingine, taratibu, kama anavyofanya kila siku. Usiku masikio yakaanza kumcheza. Nilidhani ni nzi. Kisha ngozi ya mgongoni ikawa inaruka yenyewe, udenda ukamtoka mpaka kifua kikalowa, na alipojaribu kushuka kitini miguu ya nyuma ikamkatalia. Tulipofika kwa daktari alikuwa amekakamaa kama mwenye degedege. Wakamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, wakamchoma sindano ya kulegeza misuli, wakamtundikia dripu. Alilala huko siku mbili. Amepona, ingawa hadi leo akisikia bomba likitikiswa anaingia chini ya kitanda.

(Katika haraka hiyo niliacha maharage jikoni yakaungua mpaka sufuria ikatoboka, na jirani ndiye aliyeingia kuzima jiko. Hilo ni kosa langu, silidai kwenu.)

Sasa mende, maana hao ndio niliolipia. Asubuhi ya pili nilizoa wengi waliokufa, nikasema angalau kazi imefanyika. Baada ya siku chache nikafungua droo ya nguo chumbani, wakatawanyika. Kabla hamjaja, mende wangu walikuwa wa jikoni tu, nyuma ya friji pale penye joto la mota. Dawa za aina hii huwachokoza mende wakakimbia, na nyinyi mlipuliza katikati ya sakafu mkaacha nyufa na nyuma ya friji, kwa hiyo mliwahamisha. Tena juzi nilisogeza friji mwenyewe. Nilimkuta mmoja, yule mdogo wa hudhurungi mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ananing'iniza kifuko cha mayai mkiani. Kifuko kimoja kama hicho hubeba mayai 30 hadi 40, na dawa ya kupuliza haipenyi ndani yake. Pembeni yake vilikuwa vitoto vipya, vidogo kuliko punje ya mchele. Mtu wa kazi hii anajua kwamba lazima arudi baada ya wiki mbili au tatu kuwawahi waliototolewa kabla hawajaanza kuzaa. Kwenye risiti yenu mmeandika "kazi imekamilika".

Halafu likaja jibu la ofisi yenu kwa ujumbe wa simu: "Mende ni dalili ya uchafu, mteja aongeze usafi." Nakiri bomba la sinki langu linavuja, na mende hufuata maji kuliko hata makombo. Fundi wenu alipiga magoti mbele ya bomba hilo hilo na hakusema kitu. Angeniambia, ningelibana siku hiyo hiyo. Nimeshalibana sasa, kwa kusoma mwenyewe.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie gharama za daktari wa mifugo. Nakala ya risiti yake nimeiambatisha pamoja na picha ya chupa. Kazi mje mrudie bila malipo, na safari hii msije na bomba. Njooni na dawa ya chambo, ile ya jeli inayotiwa tone tone ndani ya nyufa na nyuma ya bawaba za kabati, paka asipofika. Mende akiila hufia kwenye maficho yake, wenzake wakala kinyesi na mzoga wake wakafa nao, kwa hiyo inawafikia hata wasiotoka. Na kwenye fomu yenu muongeze swali la wanyama wanaofugwa ndani, wakiwemo samaki, maana permethrini ikiingia kwenye tangi la samaki hakuna wa kupelekwa kwa daktari.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka barua hii pamoja na viambatisho vyake kwa mamlaka inayosimamia viuatilifu.

Fundi akija apige simu kwanza, nimpeleke Pamba kwa jirani. Kifuko kile cha mayai nimekihifadhi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nimeifunga vizuri kwa gundi ya karatasi. Atakikuta juu ya friji.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoandikwa "kazi imekamilika"