Saumu, usianike hopsi zako juani

Goba, Dar es Salaam
10 Agosti 2025

Rafiki yangu Saumu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Mama anakusalimu, anauliza ni lini utawaleta wale wajukuu zake ambao mpaka leo amewaona kwenye simu tu. Kipupwe kimetushika mwaka huu, usiku tunatafuta shuka la pili, na najua wewe wa Kent, huko Uingereza, utacheka.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, na picha nimemwonyesha kila aliyepita hapa. Kumbe mche wako wa hopsi, ule unaopanda kwa kamba na ambao koni zake, yaani maua yake yenye vigamba, hutiwa kwenye bia, umefika juu ya paa! Nakumbuka nilipokuja kwako Septemba ya 2023 kamba zako zilikuwa mbili tu, na mche ulikuwa bado unajikusanya. Sasa ni wa miaka mitatu, umekomaa, ndiyo maana unazaa hivyo. Ila uliposema kwamba mwaka jana hopsi zilivunda ukatupa zote, na kwamba mwaka huu utazitandaza uani kwenye jua kali "kama bibi alivyokuwa akianika karafuu", nikaona hili si la kujibu kwa simu. Nikatafuta karatasi.

Shoga yangu, usianike juani. Karafuu ni karafuu. Ile inastahimili jua la Pemba, na bibi alikuwa na kazi moja tu, kuangalia mawingu na kuwahi kuanua. Hopsi mali yake iko kwenye mafuta yake, na mafuta hayo jua linayaharibu, mwanga wenyewe tu unayaharibu. Halafu hazikuvunda kwa sababu ya kukosa jua. Zilivunda kwa kukosa upepo. Hili nalijua kwa kuumia mwenyewe.

Sijawahi kukusimulia choya yangu ya kwanza, hii rozela yetu ya kuchemsha na kunywa, maana niliona uchungu. Ilikuwa 2022. Nilipanda mwezi wa tatu, mvua za masika zilipoanza, na kufika mwezi wa saba mistari yote ilikuwa myekundu, watu wanasimama kwenye ua kuuliza. Nilichuma kilo 30 kwa siku mbili, nikakaa na wanangu tunatoa kokwa moja moja kwa kipande cha bomba kilichonolewa: unakisukuma kutoka kwenye kikonyo, kokwa linatokea juu, vile vikombe vyekundu vinabaki vizima. Choya mbichi kilo 10 inakupa kavu kilo moja hivi, kwa hiyo mimi nilikuwa nahesabu kilo 3, na mteja nilikuwa naye tayari. Nikatandika turubai chini, nikamwaga, kina cha kiganja kizima. Jua lilikuwa zuri. Juu zikakauka upesi mpaka zikapauka, nikafurahi. Jioni nilikunja turubai nazo humohumo ndani, nikaziacha nje. Siku ya tatu nilitia mkono katikati ya rundo nikakuta joto, Saumu, joto kama la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nilipotoa mkono ulikuwa unanuka togwa iliyochacha, na vidoleni nina utando mweupe wa ukungu. Kilo 30 zote nilizifukia chini ya mgomba.

Maji yalikuwa hayana pa kutokea. Chini turubai imeziba, juu lile tabaka lililokauka limefunika, na hewa yetu ya pwani usiku inarudisha unyevu uleule uliotoka mchana. Tangu hapo nilipigilia vichanja vya mbao, nikavivalisha wavu wa madirishani, nikavisimamisha usawa wa kiuno chini ya kibanda cha makuti, mahali upepo wa kusi unapopita moja kwa moja. Natandaza tabaka moja, kikombe kisilalie kikombe. Kabla ya maghrib naingiza ndani. Kwa siku tatu zinakuwa tayari, rangi ileile ya damu ya mzee, na nikizitikisa kwenye ungo zinalia kama kokoto.

Sasa wewe. Unakumbuka zile nyumba za mviringo za zamani za kukaushia hopsi ulizonipeleka kuziona, zenye paa lililochongoka na kofia nyeupe ya mbao kileleni? Mimi sikuacha kuziwaza. Enzi hizo moto ulikuwa chini, hopsi zilikuwa juu kwenye sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi, imetandikwa kitambaa cha manyoya ya farasi, na ile kofia ilikuwa inazunguka kuupa upepo mgongo ili hewa ivutwe kutoka chini, ipenye kwenye hopsi, itoke juu. Wale wazee wa Kent walijenga nyumba nzima kwa ajili ya hewa kupita. Familia za London zilikuwa zinakuja na watoto na vyombo vyao kuchuma kila mwisho wa kiangazi, mpaka mashine zilipowapokonya kazi hiyo, na mazao yote yalipitia kwenye zile sakafu. Kwako inatosha fremu mbili za wavu na feni moja ndogo. Weka fremu kwenye chumba kisicho na jua, kina cha vidole viwili si zaidi, feni ipulize kutokea chini. Geuza asubuhi na jioni. Siku mbili mpaka nne. Ukiwa na mashine ya kukaushia matunda ni sawa, lakini joto lisivuke nyuzi 60, na chini ya hapo ni bora zaidi.

Kuchuma nako usiharakishe. Bonyeza koni moja kwa vidole. Ikiwa bado, itabonyea na kubaki hivyo, laini na yenye ubaridi, kama jani la mchicha. Iliyoiva inajirudi na inachakarika kama karatasi. Ipasue kwa kucha: mashinani mwa vigamba utaona unga wa manjano unaonata, na harufu yake utalala nayo mkononi hata ukinawa kwa sabuni. Huo unga ndio lupulini, na ndio hopsi yenyewe. Vigamba ni ganda tu. Ncha zikianza kugeuka kahawia usisubiri tena. Na vaa mikono mirefu, tafadhali. Mimi ile alama ya mikwaruzo ya ule mzabibu wako usio zabibu ilinikaa wiki nzima, kwa sababu shina lake lina vimiba vidogo vya kujishikizia kwenye kamba na sikuambiwa. Ukishachuma, ingiza kwenye fremu siku hiyohiyo. Zikilala usiku mmoja kwenye mfuko zinaanza kupata joto, na joto hilo nimeshakueleza linaishia wapi.

Utajuaje zimekauka? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, maana vigamba vinakauka mwanzo na kukupa sauti nzuri, kumbe kile kijiti cha katikati bado kina maji. Chukua koni, ipinde. Kijiti kikijikunja, rudisha kwenye feni. Kikivunjika "ta!", zimekauka. Lakini mimi ningetumia mizani ya jikoni. Hopsi mbichi karibu asilimia 80 ni maji, kwa hiyo kwenye kilo moja uliyotoka kuchuma mmea wenyewe ni gramu 200 tu. Zikifika kama gramu 220 acha, hapo unyevu uliobaki ni kama asilimia 9 na ndio unaotakiwa. Zikizidi kukauka zinavurugika na ule unga unamwagika wote. Andika uzito wa kila fremu kwenye kipande cha karatasi ukibandike pembeni, usitegemee kichwa.

Kisha zifungie kwenye mfuko, toa hewa yote unayoweza, weka kwenye friza. Usiziache kabatini. Hopsi iliyokaa kwenye hewa na joto hunuka jibini kuukuu, na ile mito ya usingizi unayoijaza hopsi na kuwashonea kina mama wenzako hakuna atakayeitaka kichwani. Na ukimpa jirani zile za kutengenezea bia yake, mwambie makapi asiyamwage bustanini. Ana yule mbwa mweupe, na mbwa akila hopsi joto la mwili linampanda mpaka linaweza kumuua. Mwambie waziwazi.

Umesema utanikatia kipande cha mzizi nikajaribu hapa Goba. Nimefurahi sana, na jibu langu ni hapana. Kuingiza mche nchini kunataka kibali kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na cheti cha huko kwenu kwamba hauna ugonjwa, na mimi nalima, sitaki kuletea shamba la mwenzangu maradhi ndani ya sanduku la nguo. Lakini hata kingepatikana kibali, Dar mche huo hauzai vizuri. Kwenu mwezi wa sita jua linakaa zaidi ya saa 16, mche unakimbia juu kwa kamba bila kupumzika, kisha siku zinapoanza kufupika ndipo unaweka maua. Hapa siku ndefu ya Desemba na siku fupi ya Juni hazipishani hata saa moja. Mche utadhani wakati wa maua umefika ungali mfupi, utatoa koni chache, na majira ya baridi ya kuilaza mizizi hautayaona kamwe. Kule Afrika Kusini, karibu na mji wa George, wakulima waliwahi kuwasha taa mashambani usiku ili kuurefushia mchana. Mimi umeme wa pampu tu unanishinda. Choya ndiyo inayopenda usiku wetu. Ukirefuka kidogo tu baada ya masika inajaa maua.

Shangazi anasafiri kuja huko tarehe 28, nimempa mfuko wa choya ya mwaka huu, kavu, gramu 500. Ya kunywa tu, mbegu hamna. Chemsha na tangawizi, usizidishe sukari. Ukichuma fremu ya kwanza nitumie namba mbili, uzito ikiwa mbichi na uzito kijiti kilipovunjika. Nitazisubiri.

Wabusu watoto, na shemeji msalimie.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi