Wanafunzi kutoka Msumbiji wasifungiwe mlango wa vyuo vya Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie suala ambalo limekuwa likizungumzwa sana huku Mtwara na Lindi, hasa tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujenga kampasi mkoani Lindi kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wapo ndugu zetu wanaotaka vyuo vikuu vya Kusini viwekewe kikomo cha wanafunzi kutoka nje ya nchi, kwa hoja kwamba mikoa hii ilichelewa kupata elimu ya juu, na kwamba kila nafasi anayopewa mgeni ni nafasi aliyonyang'anywa mtoto wa hapa. Hoja hiyo imebeba uchungu wa kweli nami siipuuzi, lakini naamini inamnyooshea kidole mtu asiyehusika.

Uchungu wenyewe naufahamu. Dar es Salaam ilipata chuo chake mwaka 1961, ilhali Mtwara ilisubiri hadi mwaka 2009 ndipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kikaanza. Kwa muda wote huo mtoto wa Newala au Liwale aliyefaulu kidato cha sita alilazimika kwenda mbali na kwao, na kabla ya Daraja la Mkapa kujengwa pale Rufiji mwaka 2003, masika yakikolea safari ya kwenda Dar es Salaam iliweza kumlaza mtu njiani siku kadhaa. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliingia barabarani kwa sababu ya gesi, na hisia ile kwamba vya kwetu huishia kuwanufaisha wengine haijatoka mioyoni mwa watu. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba kampasi mpya itapokea wageni, jambo la kwanza analouliza ni nani ataachwa nje.

Tuangalie basi mgeni huyo anachukua nini. Hagusi fedha za Bodi ya Mikopo, kwa maana tangu Bodi ianzishwe kwa sheria ya mwaka 2004 mikopo yake ni ya Watanzania peke yao. Kwa kawaida ada anayotozwa ni kubwa kuliko ya mwenyeji, na kibali cha ukaazi cha daraja C anakitafuta Uhamiaji kwa gharama zake mwenyewe. Nafasi zenyewe kwa ujumla hazijajaa, kwani mara kwa mara Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hufungua awamu ya pili ya udahili, na wakati mwingine ya tatu, kwa kuwa programu nyingi bado zina nafasi wazi.

Kinachomzuia mtoto wetu kipo hapa hapa nyumbani. Nimefundisha kemia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimesimamia mazoezi ya maabara ambapo wanafunzi sita walizunguka bureti moja, yaani mrija wa kupimia kemikali, mmoja akifungua koki na wenzake wakinakili tarakimu alizozisoma yeye. Mwanafunzi anayefika kidato cha sita kwa namna hiyo hupata alama za kumwezesha kusoma kitu kingine, lakini uhandisi au udaktari alioutamani tangu kidato cha kwanza unakuwa umeshampita. Halafu kuna suala la fedha na kalenda. Minada ya korosho huanza Oktoba, na mkulima hulipwa kupitia chama chake cha msingi baada ya mzigo kuuzwa. Malipo yakichelewa, vyuo vinakuwa vimeshafunguliwa na muda wa kujisajili unayoyoma. Nilimshuhudia mama mmoja kutoka Nanyamba akiwa mbele ya mhasibu wa chuo, stakabadhi za korosho zake mkononi, akieleza kwamba mzigo umeshauzwa ila fedha hazijaingia kwenye akaunti, na mhasibu, ambaye kwa kweli alimhurumia, akimjibu kwamba mfumo hauwezi kupokea karatasi ile. Binti yake aliahirisha mwaka. Hakukuwa na Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, wala Mganda, wala Mkongo aliyehusika na jambo lile kwa namna yoyote. Kama tuna nguvu ya kudai kitu, tudai vyuo vya Kusini vipokee ada kwa awamu zinazofuata msimu wa korosho, na tudai maabara za kidato cha tano na sita, kwa sababu huko ndiko watoto wetu wanakopotelea.

Sisemi kwamba kikomo hakifai popote. Canada ni mfano ambao watunga sera wetu wanapaswa kuusoma kwa makini. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba vibali vipya vya masomo vitapungua kwa takriban asilimia 35 na kubaki kama 360,000, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameingia kwa wingi kuliko nyumba za kuwalaza, na kodi za pango zilikuwa zimepanda mno. Lakini chanzo hakikuwa wanafunzi. Katika jimbo la Ontario, serikali ilipunguza ada za wenyeji kwa asilimia 10 mwaka 2019 na kisha kuzizuia zisipande, na vyuo, vikiwa na pengo la fedha, vikaliziba kwa ada kubwa za vijana kutoka India na kwingineko, bila kuwajengea mabweni ya kutosha. Kikomo kilipowekwa, vyuo kadhaa vya jimbo hilo vilisitisha programu na kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo hata kijana Mkanada aliyetaka kusoma programu hizo aliikosa nafasi ambayo kikomo kilidaiwa kumlindia. Marekani nako, Oktoba 2025, serikali ilivipelekea vyuo vikuu 9 mapendekezo ya makubaliano yaliyotaka, pamoja na mengine, wageni wa shahada ya kwanza wasizidi asilimia 15, na wanaotoka nchi moja wasizidi asilimia 5. Asilimia ya namna hiyo haielezi chochote kuhusu idadi ya wahadhiri, vitanda au vifaa vilivyopo.

Ninachokubali mimi ni kikomo kinachotokana na uwezo wa chuo. Mwanafunzi wa udaktari hujifunzia kando ya kitanda cha mgonjwa, na hospitali ikiwa na wadi mbili za kufundishia haiwezi kupokea darasa la watu mia tatu, wawe wametoka Mikindani au Maputo. TCU tayari huidhinisha idadi ya wanafunzi kwa kila programu. Idadi hiyo iheshimiwe, na chuo kinachoizidisha kwa sababu ya tamaa ya ada za wageni kiadhibiwe bila kuonewa haya.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Kusini tungepaswa kulikumbuka kuliko Watanzania wengine wote. Mwaka 1962 FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam, na wapiganaji wake walipata mafunzo Nachingwea, mkoani Lindi, kwenye kambi ambayo wazee wa huko bado wanaiita Farm 17. Wakimbizi wa vita ile ya uhuru walilala katika vijiji vyetu na watoto wao walisoma miongoni mwetu. Na sisi tumepokelewa kwa wenzetu: Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi, alipata shahada yake Makerere, Uganda, mwaka 1962, kisha akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia kule New York. Sikubali kwamba mkoa uliomtoa mtu huyo uwe wa kwanza kumwambia kijana wa Palma, Msumbiji, kwamba kiti cha darasani ni cha wenyeji tu.

Wala si suala la hisani. Nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, zilitia saini Itifaki ya Elimu na Mafunzo mjini Blantyre, Septemba 1997, na humo zilikubaliana kwamba vyuo vikuu vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi za udahili kwa wanafunzi wa nchi nyingine wanachama, na kwamba hatimaye wanafunzi hao watendewe kama wenyeji katika ada na malazi. Wanaodai kikomo cha juu wanasahau kwamba tayari tumejifunga kwa kiwango cha chini.

Najua wapo watakaoniuliza kuhusu usalama, na ni swali halali, maana machafuko ya Cabo Delgado, mkoa wa Kaskazini mwa Msumbiji, yaliyoanza mwaka 2017 yalivuka hadi kijiji cha Kitaya, hapa Mtwara, mwaka 2020, na watu walikufa. Lakini mwanafunzi aliyesajiliwa anafahamika jina, chuo, kibali na mahali anapolala. Na mkoa ule ukiendelea kuwa na vijana wasio na shule wala kazi, madhara yatavuka Mto Ruvuma tupende tusipende.

Ugumu halisi ni lugha. Kijana wa Msumbiji amesoma kwa Kireno, vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na cheti chake ni lazima kipitie Baraza la Mitihani ili kilinganishwe na cha hapa. Baadhi ya vijana wa Kaskazini mwa Msumbiji wanazungumza Kiswahili au Kimakonde, kwa hiyo sokoni na kwenye nyumba za kupanga za Magomeni na Chuno hawapati shida. Shida huanza mhadhara unapoanza. Nimekaa na mmoja wao, mpangaji wa jirani yangu, akiwa na madaftari mawili mezani, moja la maneno ya mhadhiri kama alivyoyasikia, la pili la Kireno, akihamisha sentensi moja baada ya nyingine hadi usiku wa manane. Kozi ya lugha ya muhula mmoja kabla ya mwaka wa kwanza ingempunguzia mzigo huo, na ingeajiri walimu wetu wa Kiingereza na Kiswahili.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, nauomba uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla kampasi ya Lindi haijapokea wanafunzi, utangaze hadharani ina vitanda vingapi, wahadhiri wangapi na nafasi ngapi kwa kila programu, na utenge humo ile asilimia 5 ya SADC, vijana wa Cabo Delgado na Niassa wakipewa taarifa mapema kupitia ofisi za mpakani Kilambo na Mtambaswala.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ligula, Mtwara