Shangazi, huku wanaweka kababu juu ya tambi

Shangazi, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniuliza Wamarekani wanakula nini, nami nikajibu "baga" haraka haraka kwa kuwa nilikuwa nawahi kazini. Nilikudanganya. Hapa Columbus, chakula ninachokutana nacho kila uchao ni cha hao hao Wataliano uliowapikia Malindi miaka kumi na miwili.

Ila usifurahi kwanza. Wewe ndiye uliyetufundisha kuing'ata tambi moja ingali kwenye sufuria: ukiona kijinukta cheupe katikati, epua. Huku wengi huziacha mpaka zinalegea, halafu wanazimwagia rojo ya nyanya yenye sukari, na juu yake wanapanga kababu tatu, kila moja kama ngumi ya mtoto. Kababu juu ya tambi, Shangazi! Yule bibi yako wa Kitaliano aliyekufokea kwa kukata tambi kwa kisu angezirai.

Nilicheka sana, hadi nilipojua zilikoanzia. Kati ya 1880 na 1924 Wataliano kama milioni 4 walivuka bahari kuja huku, wengi wakiwa wakulima hohehahe wa kusini na wa kisiwa cha Sicily. Kwao nyama ilikuwa kitu cha sikukuu. Huku wakakuta hata mchimba mitaro akipokea ujira wake anapita buchani. Basi wakaitia humo humo kwenye tambi, tena nyingi. Wewe ungefanyaje? Mimi sizicheki tena zile kababu, naona mtu aliyelala njaa miaka mingi akijipakulia.

Na wenyeji waliwadharau kwelikweli. "Wala vitunguu saumu" lilikuwa tusi. Leo duka lolote la hapa utakuta mkate uliopakwa siagi na kitunguu saumu, umefungwa tayari, unaingiza tu kwenye oveni.

Mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa kuna Cleveland, ambako miaka ya 1920 mpishi mmoja, Ettore Boiardi, mzaliwa wa Piacenza, alikuwa na mkahawa. Wateja waliipenda rojo yake mpaka wakataka ya kubeba nyumbani. Akaishia kuitia kwenye makopo, na kwa kuwa jina lake liliwashinda watu, kwenye kopo akaliandika linavyotamkwa: Boy-Ar-Dee. Vita vya Pili vilipokuja, kiwanda chake kikalisha askari. Nilinunua kopo moja nikaonja. Rangi ya chungwa, tambi zimevimba, unazikata kwa kijiko. Mwanangu alilamba sahani.

Pizza ndiyo usiseme. New York waliiuza tangu 1905 kwenye mkahawa wa Lombardi's, lakini iliyoieneza nchi nzima si mikahawa ya Wataliano. Pizza Hut ilianzishwa 1958 mjini Wichita, Kansas, na ndugu wawili waliokopa dola 600 kwa mama yao, na Utaliano wala haukuwahusu. Siku hizi ni chakula cha kutokupika: Ijumaa jioni, mtoto akitimiza mwaka, watu wakihama nyumba. Kwenye ghala ninalofanya kazi, tukimaliza mwezi wa kukimbizana tunaletewa maboksi ya pizza. Nyongeza ya mshahara bado tunaisubiri. Na mashuleni, usishangae, mwaka 2011 Bunge lao lilikataa kubadilisha hesabu inayofanya rojo ya nyanya iliyopakwa kwenye kipande cha pizza itambulike kama mboga.

Najua utasema hao si Wataliano, wanaigiza. Lakini Shangazi, Idi zote nilizokua nazo ulizikaanga tambi zile zile, ukatia tui, sukari na iliki, na zabibu juu. Uliwahi kumwonjesha bibi yako? Nadhani hukuthubutu.

Mwanangu anashikilia kuwa pizza ni chakula cha Wamarekani, na kwamba bibi wa Malindi hawezi kuijua. Nimechoka kubishana naye. Jumapili tutakupigia, umweleze mwenyewe ulikuwa unasukuma ngapi kwa siku. Simu iwe na chaji.