Shukrani kwa mama wa kitambaa cheupe, Entebbe

Mama, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilikuja na kamera ya kuazima, lenzi ya milimita 50, na binti wa jirani aliyekubali kuwa modo wangu wa kwanza. Saa saba mchana, bustani ya mimea ya Entebbe, jua la ikweta utosini. Kila picha ilitoka na vivuli vyeusi machoni, kama ya mtu aliyekesha matangani. Nikawa namhimiza, "Tabasamu!" naye anazidi kukauka.

Ndipo ulipoinuka mkekani, ukawaacha wajukuu na chakula chao. "Mwanangu, mtoe juani. Mweke hapa ukingoni mwa kivuli, uso uelekee ziwani." Ukachukua kitambaa cheupe ulichofunikia matoke, ukakikunjua chini ya kidevu chake (kumbe uliwahi kufanya kazi studio ya picha Jinja, enzi za filamu!), mwanga ukampanda usoni, vivuli vikayeyuka. Kisha ukamuuliza nani kwao anayejua kupika. Akacheka. Nikafungua lenzi mpaka f/1.8, yaani tundu lake la mwanga likawa pana, nikalenga jicho lililo karibu nami, nikabonyeza.

Kati ya picha 140 za siku ile, hiyo ndiyo niliyoisafisha. Nakala mbili: moja ya binti, moja yako. Soda zangu wajukuu wako walizimaliza, lakini hayo yameisha. Kila Jumamosi napita palepale chini ya mti, bahasha mkononi. Asante sana, mama.