Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Moshi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wasioona, wasaidizi wa njia na wageni waalikwa,

Ya kawaida mnayajua. Tulikutana kila miezi mitatu, tuliwazika wenzetu 2, na Oktoba 15 tuliadhimisha Siku ya Fimbo Nyeupe kwa matembezi hadi Mnara wa Saa. Mapato shilingi 686,000, matumizi 600,000. Mchanganuo anao mhazini.

Naingia kwenye simu, maana ndizo zilizowaleta leo. Mwaka mzima sijasikia ukumbi umejaa hivi.

Kamati ilinunua simu janja 2 kwa 460,000. Wapo wanaosema fedha hizo zingetosha fimbo nyeupe 13. Hesabu yao ni sahihi. Lakini mkutano wa Machi, ulioitwa kujadili jambo hilohilo, walikuja watu 9 kati ya 71. Akidi haikutimia, tukasubiri hadi saa nane mchana, chai ikapoa, kamati ikaamua. Aliyebaki nyumbani siku ile asije leo kuniuliza nilimshirikisha nani.

Simu hizi zina Lookout, programu ya bure ya Google. Kamera inapiga picha, programu inailinganisha na yale iliyofundishwa kwa picha nyingi mno, kisha inatamka: mlango, kiti, mtu. Maandishi inayasoma. Mimi mwenyewe nilijifunza wiki 3, kwa bando langu, kabla sijamfundisha yeyote. Siku iliponisomea "KCMC", yaani hospitali yetu ya rufaa, mbele ya daladala pale stendi, bila kumwuliza konda, nilicheka peke yangu hadi watu wakanipisha.

Sasa, mwenzetu aliyetumbukia mtaroni kule Majengo. Nilimpa pole na narudia tena pole. Ila fimbo aliiacha nyumbani, akategemea simu. Nilisema tangu siku ya kwanza: kamera inatazama pale tu ulipoielekeza. Ukiishika usawa wa kifua, shimo lililo mbele ya kidole cha mguu haina habari nalo, na bodaboda inayotokea nyuma ndiyo kabisa. Hata Be My Eyes, programu nyingine ya wasioona, ile iliyoanzia Denmark, wanaonya kwamba akili mnemba yao isitumike kuvukia barabara. Kama wenye mali wanasema hivyo, mimi ningeahidi nini zaidi? Mtaro ni kazi ya fimbo.

Kuhusu simu ya pili kukaa kwangu: inakaa kwa usalama. Nina kabati lenye kufuli. Wanaosema naipigia ndugu zangu wa Rombo wajue haina hata laini.

Ada ni 12,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 23. Katika 48 waliobaki wamo wanaopaza sauti zaidi kuhusu zile fimbo 13. Sitataja majina; sauti zao mnazitambua.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mfadhili wa simu zaidi na kuzungumza na manispaa kuhusu mifuniko ya mitaro. Barua iko kwenye maandalizi.

Mafunzo yanaendelea kila Jumamosi, saa nne asubuhi. Atakayekuja bila fimbo nitamrudisha nyumbani, hata kama amelipa ada.

Mwenyekiti